Kitufe Kilichotabasamu

Mgeni rasmi, ambaye ndiye Mkurugenzi wetu wa Mafunzo, Mkuu wa Chuo chetu, walimu wetu, wazazi mliopata viti na mliokosa, majirani zetu, na wewe Mama Fundi, uliyefunga duka lako la cherehani asubuhi hii ukabandika mlangoni karatasi isemayo "niko chuoni, nguo zenu ziko salama": wakubwa shikamooni, rika zetu hamjambo.

Sisi ni wanafunzi wa Darasa la Kurasa. Kazi yetu ni kupanga kurasa za tovuti: nini kikae juu, nini kishuke chini, picha iwe kubwa kiasi gani, na mtu aliyekuja kutafuta kitu akipate kabla hajakasirika. Leo tuna furaha ambayo haitaki kukaa kwenye kiti. Tumekuwa tukichekacheka tangu geti lifunguliwe, na Mkuu wa Chuo ameshatukanya kwa macho zaidi ya mara moja. Mtusamehe. Si kila siku mtu mkubwa anakuja kutufungulia chumba cha mashine mpya za kompyuta, tena zinazong'aa kiasi kwamba mwenzetu mmoja jana alichania nywele mbele ya mojawapo, ikiwa haijawashwa.

KARIBISHO NA MAELEZO KIDOGO

Karibu sana, mgeni rasmi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na sisi leo tunatarajia kupona kweli.

Risala hii ilipaswa kwenda kama risala zote: karibisho, historia, mafanikio, changamoto, na maombi yakifunga mlango. Tuliiandika hivyo. Kisha tukaifanyia kile tunachoufanyia kila ukurasa kabla ya kuutoa kwa watu. Tulimwita Mama Fundi, tukamkalisha kwenye kiti hicho hicho ulichokalia, tukamwomba ajifanye wewe. Akakunja nne, akavaa uso wa ofisini, akasema, "Endeleeni." Kwenye karibisho aliitikia kwa kichwa, vizuri kabisa. Kwenye historia alianza kupepesa. Tulipofika "jengo hili lilijengwa kwa matofali ya", kichwa kilikuwa kimeshaegemea begani, na alipozinduka akauliza, "Mmeshasema mnachotaka, au kimenipita usingizini?"

Tukamwambia maombi yako mwisho kabisa.

"Na Mkurugenzi naye akisinzia je?"

Hatukushuku hata chembe, mgeni rasmi. Lakini tulirudi darasani tukakata historia yote ya matofali, na tukaona ni heri usikie mapema lililo mezani kwetu. Ila kuna tatizo. Mkuu wa Chuo ametushauri kwamba jambo fulani si la risala. Jambo lenyewe ni kwamba mkataba wa mwalimu wetu unamalizika mwisho wa mwezi huu, na kwa kuwa mashine hizi mpya zimekuja na mafunzo yake ndani, imeonekana hapatahitajika mwalimu tena, bali msimamizi wa kufungua mlango asubuhi na kuufunga jioni. Tumeupokea ushauri wa Mkuu kwa heshima zote. Jambo hilo, kama mnavyosikia, hatulitaji.

HISTORIA, KWA UFUPI ALIOUTAKA MAMA FUNDI

Chuo kilikuwepo. Darasa nalo lilikuwepo, lina mashine kuukuu zinazounguruma kama sufuria ya maharage. Halafu akaja mwalimu wetu, Bi Mkasi.

Jina hilo tulimpa sisi, siku ya kwanza kabisa. Aliingia na mkoba, na ndani ya mkoba mlikuwa na mkasi, gundi na rundo la magazeti ya zamani. Tulidhani amepotea njia, maana darasa la ushonaji liko chini. Wenzetu wa mbele wakaanza kumwelekeza ngazi.

"Kaeni," akasema. "Na leo hakuna kuwasha kitu."

Akampa kila mmoja vipande vilevile vya karatasi: kichwa cha habari, picha, aya moja, namba ya simu, anwani, na kitufe, yaani kile kidude cha kubonyeza. Akasema tumpangie ukurasa. Tukampangia, tukaanza kukusanya mikoba tuondoke. Akautazama, akasifu, akasema, "Haya, mwingine usiofanana na huo." Tukapanga mwingine. "Mwingine." Tukapanga tukanuna. "Mwingine." Mchana ukapita namna hiyo. Kuna aliyelia kidogo, hatutamtaja, ni mkubwa sasa.

Hatukujua tulichokuwa tunafanyiwa. Kurasa zetu za mwanzo hazikuwa zetu; zilikuwa za watu wengine, tulizokwisha kuziona mahali tukazibeba kichwani bila kujijua. Ilibidi zitoke zote, zikauke, ndipo mkono ulipoanza kusogeza karatasi kwenda mahali ambapo hatukuwahi kuona mtu akiiweka. Mmoja wetu aliinua namba ya simu akaifanya kubwa kuliko picha. Darasa lilipiga makofi kana kwamba kazaliwa mtoto. Bi Mkasi alisema neno moja tu, "Karibuni," na tangu siku hiyo tumekuwa watu wa hovyo nyumbani kwetu: hatuwezi kupita kwenye kabati la vyombo bila kulipanga upya, na mama zetu wamechoka.

NAMNA TUNAVYOFANYA KAZI

Sehemu hii haimo katika desturi ya risala. Tumeiweka kwa sababu bila hiyo mafanikio yetu yatasikika kama mambo ya watu waliopigwa na jua.

Ukurasa ukishapangwa kwenye karatasi, tunatoka nao uwanjani na tunaucheza. Kila mmoja anakuwa kitu. Warefu wanakuwa picha, wenye mabega wanakuwa vichwa vya habari, wapole wanakuwa aya. Kila mmoja anashika kifuani karatasi yenye maneno yake, na hairuhusiwi kusema wala kunyoosha kidole. Kisha anaitwa mtu kutoka nje, asiyejua lolote, anaambiwa kwa mfano, "Tafuta siku ya kliniki ya watoto." Anaanza kutembea katikati yetu. Akikwama, tumekosea sisi. Hapo Bi Mkasi hana mchezo. "Mgeni hapotei," husema, "mgeni hupotezwa."

Uwanja ni skrini ya kompyuta. Kwa ajili ya simu tunatumia ujia, ule mwembamba unaotoka darasani kwetu hadi ofisi ya Mkuu wa Chuo. Tuliosimama bega kwa bega uwanjani tukiingia ujiani lazima tupange foleni, na kwenye foleni wa kwanza ni mmoja tu. Ugomvi unaanzia hapo. Dada yetu mmoja, ambaye kwa urefu wake amekuwa picha tangu mwanzo, aliwahi kugoma waziwazi.

"Tangu lini picha ikasimama nyuma ya namba ya simu?"

"Tangu mgonjwa alipotaka kupiga simu," akajibu Bi Mkasi. "Nyuma, mwanangu. Nyuma zaidi. Hapo hapo."

Mtu wetu wa kujaribia tunayempenda kuliko wote ni Mama Fundi, kwa sababu hana adabu ya uongo. Tulimchezea ukurasa wa duka la vitambaa tuliouona ni lulu. Akauzunguka mara moja, akasimama mbele ya dada picha, akasema, "Mimi natafuta bei. Nyinyi mnanionyesha jengo." Tulirudi mezani tukiwa wadogo kama kidonge cha piritoni.

MAFANIKIO

Yako mengi, lakini mgeni rasmi ana saa mkononi, kwa hiyo tutaeleza moja, ambalo lilianza kama aibu.

Zahanati ya jirani ilitupa kazi ya ukurasa wao. Jambo kuu lilikuwa kitufe cha kuchagua siku ya kuja, ili watu wasipige simu mchana kutwa. Tulikiweka kona ya chini, upande wa kulia, kwa sababu tuliona kona inapendeza. Tukatoka uwanjani kujaribu. Aliyekuwa kitufe ni huyu mwenzetu mliyemwona akiwapokea getini, mwenye vishimo mashavuni. Tukaita watu: akina mama waliotoka sokoni, msichana wa saluni, mlinzi wa geti, Mama Fundi. Wote, bila kukosa hata mmoja, walikwenda moja kwa moja kwenye kitufe. Tulirukaruka. Bi Mkasi peke yake ndiye aliyekunja uso.

"Kona ile? Mimi nisingekiona."

Tukamwambia kwa upole kwamba zama zimebadilika, mwalimu. Akaacha tujionee. Ukurasa ukatoka.

Haikuchukua muda muuguzi mkuu wa zahanati akaja darasani, miguu ikisema kabla ya mdomo. "Hakuna anayebonyeza. Simu inalia kama zamani, sikio langu limekuwa kaa la moto." Hatukuelewa. Tukaenda kumuuliza msichana wa saluni aliwezaje kukiona kitufe siku ile.

"Kitufe gani?" akasema. "Mimi nilimwona yule kaka."

Tukakimbilia kwa Mama Fundi. Hakuinua hata macho kwenye cherehani. "Alinitabasamia. Mtoto wa watu amesimama kule kona peke yake, ningempita vipi?"

Mgeni rasmi, hatudhani kama kuna darasa lingine duniani lililowahi kufanya kosa hilo. Tulikuwa tumejaribu uzuri wa mtu tukadhani tumejaribu ukurasa. Bi Mkasi alipopewa taarifa alicheka hadi akakaa sakafuni, akafuta machozi kwa aproni, kisha akaenda dukani akarudi na maboksi matupu. Kuanzia hapo kila anayecheza ukurasa anavaa boksi kichwani.

Jaribio la pili, kitufe ndani ya boksi, palepale konani. Watu walikuja, wakazunguka, wakaondoka. Hakuna aliyemsogelea. Alisimama pale kimya, mtiifu, mpaka na sisi tukamsahau tukaenda kunywa chai. Tulimkumbuka vikombe vikiwa nusu. Tulipomvua boksi hakuwa na tabasamu hata la dawa. Alisema maneno ambayo tumeyaandika ukutani: "Nimeshawahi kuwa kitu kisichoonekana. Sikitakii kitufe kingine yaliyonipata."

Tukampandisha juu, karibu na siku za kliniki. Tukawaondoa waliombana pembeni, tukampa karatasi ya rangi nzito kuliko za wenzake. Boksi bado kichwani. Watu wakamfuata kama wameitwa. Tulipobadilisha ukurasa wenyewe, muuguzi mkuu alituletea salamu kwamba sasa anakunywa chai ikiwa bado ya moto. Na mwenzetu, ambaye jina la Kitufe limemganda mpaka nyumbani kwao, amekuwa ndiye mkali wetu wa kuamua kitu kikae wapi. Vijana wa vyuo vingine wanakuja kumuuliza. Anawajibu wakiwa wamevaa boksi, anasema ndiyo ada yake.

Tunachotaka ukichukue hapo, mgeni rasmi, ni kwamba ustadi huu haukutoka kwenye kitabu wala kwenye kioo cha kompyuta. Ulitoka kwa mtu aliyetuacha tukosee, akacheka na sisi, halafu akaenda kutafuta maboksi.

CHANGAMOTO

Changamoto ya kwanza ni ujia. Mama anayesafisha huupiga deki saa zetu za kujaribu simu, na hatuwezi kumlaumu, ndiyo kazi yake. Lakini kuna siku kichwa cha habari kiliteleza kikaangukia aya, aya ikaangukia anwani, na ukurasa mzima ukashuka hadi mlangoni kwa Mkuu.

Changamoto ya pili inamhusu Mkuu mwenyewe, na ameturuhusu kuisema, au tuseme hajatukataza bado. Alitoka ofisini akiwa na haraka zake, akakuta ujia umejaa watu wenye maboksi, akasimama katikati akitafuta pa kupita. Mama Fundi, aliyekuwa anatafuta namba ya simu ya gereji, akamshika bega akamsogeza ukutani. "Wewe pisha," akamwambia, "wewe ni tangazo." Mkuu hakutetea cheo chake, alipisha. Tangu siku hiyo hupitia mlango wa nyuma, na tunamwomba radhi mbele yenu, ingawa ukweli ni kwamba alikuwa anaziba.

Changamoto ya tatu hatukuitarajia. Mashine mpya zilipofika tulizikimbilia kama watoto. Hatutadanganya, ni nzuri, zina kasi, na tunawashukuru kwa moyo wote kwa kutukumbuka. Tukafungua yale mafunzo yaliyomo ndani. Humo ukurasa unakuja umeshapangwa. Wewe unachagua, unabadilisha jina, unabadilisha picha, umemaliza. Asubuhi moja tu tulitengeneza kurasa za zahanati, za gereji na za kwaya, tukapongezana. Tukamwita Mama Fundi. Akaangalia wa kwanza. Akaangalia wa pili. Kwenye wa tatu akatutazama usoni mmoja mmoja.

"Mbona mnanirudisha palepale?"

Tukamwambia hii ni gereji, mama.

"Gereji?" Akasogeza uso kwenye kioo, palipokuwa na picha ya familia yenye meno meupe. "Sasa hawa wanachekea nini gereji? Gari limepona?"

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Kisha kicheko kikatukauka, maana tuliona tulikokuwa tunakwenda. Asubuhi nzima hakuna aliyekuwa amefikiri. Hakuna aliyegombana na mwenzake. Hakuna aliyeuliza mgonjwa anataka nini kwanza. Kipya kinyemi, ingawa kidonda, na sisi ndio tuliokuwa tumeshaanza kukikuna.

Ndipo tukaelewa kwamba lile jambo ambalo hatulitaji halihusu mshahara wa mtu mmoja. Linahusu sisi tutakuwa watu gani tukitoka hapa. Kuchagua kilichopangwa tayari kila mtu anaweza, hata dada zetu wadogo nyumbani wanaweza, tena wanatushinda kasi. Tukiambiwa hiyo ndiyo elimu yetu, hakuna atakayetuhitaji.

MAOMBI

Orodha ya maombi ilikuwa ndefu. Ilikuwa na pazia, feni, rangi ya ukutani, viti visivyochana sketi, na saa za deki kusogezwa. Tumeifuta yote. Ukurasa wenye vitufe kumi humfanya mtu aufunge bila kubonyeza hata kimoja, na wewe, mgeni rasmi, hatutaki utufunge.

Kwa hiyo tuna ombi moja. Bi Mkasi abaki.

Hapa lazima tuseme kitu ambacho hatukukusudia kukisema. Tulipopata habari za mkataba tulimfuata mezani kwake, wote, tukasongamana kama ujiani. Alikuwa anakata karatasi za somo la kesho. Tukamwambia tutakuomba wewe, mgeni rasmi. Hakuinua uso. "Msiniombee mimi," akasema. "Ombeni pazia, jua linawapiga machoni." Akaendelea kukata. Lakini mkasi ulitoka nje ya mstari, na hatujawahi kumwona akitoka nje ya mstari. Tukaokota vipande vilivyoanguka, tukatoka.

Kwa hiyo yuko pale, mstari wa tatu, ameinamisha kichwa, na sasa hivi anatukasirikia. Mwalimu, ni mara yetu ya kwanza kukuasi. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba kitu muhimu hakifichwi kona ya chini.

Mgeni rasmi, hatukuombi uchague kati ya mashine na mwalimu. Tunaomba vyote viwili, kwa sababu mashine mikononi mwa wanafunzi wake zitafanya mambo ambayo waliozitengeneza hawakuyaota. Lakini waliotutangulia walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Kama ofisini kwako kweli hakuna njia, kama lazima kimoja kiondoke, basi tumeshakubaliana darasa zima, na Kitufe amekubali mwisho kwa sababu yeye ndiye aliyechania nywele mbele ya mashine: maboksi ya mashine tumeyatunza, na plastiki zake, na zile sponji za pembeni. Hatujachana hata moja. Tutazifunga mashine wenyewe leo hii, kabla chumba hakijafunguliwa, na tutazibeba hadi kwenye gari lako tukikushukuru vilevile, bila kinyongo, na tutarudi kwenye zile zetu zinazounguruma.

Mwezi mpya unaanza Jumatatu. Mashine, ukizibakiza, tutazikuta asubuhi. Zimefungwa kwa minyororo mezani, hazina pa kwenda. Tunaomba na yeye tumkute.

Mungu akupe afya na moyo mwepesi, akulindie nyumba yako na waliomo, na akufikishe salama kila uendako. Ahsante kwa kutusikiliza bila kusinzia.

Ni sisi, wanafunzi wa Darasa la Kurasa.